Nani Apokee Simu ya Mbaruku?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi imenikaa kooni, na nisipowatwisha nyinyi itanimaliza mwenyewe.

Mjini Korogwe, katika nyumba moja, walikuwapo watu watatu. Mwanaidi alijaliwa kumbukumbu: hasahau kitu, hata ukimsihi asahau. Binamu yake Mhina, fundi simu, alijaliwa mikono: simu iliyokufa ikifika kwake, inaondoka inaongea. Wifi yake Sikudhani alijaliwa subira, na subira hiyo ndiyo iliyomkondesha, maana mumewe Mbaruku, kaka yake Mwanaidi, aliondoka alfajiri moja wala hakurudi.

Aliyemwondoa ni mama yake mzazi. Bi Mwantumu alipandwa na hasira, akamfukuza mbele ya wageni: "Toka! Usinionyeshe uso wako tena!" Mbaruku akatii kupita kiasi. Akabadili namba, akayeyuka. Sasa mama yuko kitandani, ulimi mzito, na ombi lake ni moja tu: mwanawe apatikane, ili yeye mama aitengue kauli ile kabla hajafa. Walimtafuta kwa ndugu, kwa marafiki, hata redioni. Wapi! Mwanaidi alikata tamaa mpaka simu ikiita hainui kichwa.

Lakini kumbukumbu yake haikumwacha. Siku moja, akimgeuza mama kitandani, akakumbuka mchezo wa maneno aliotunga Mbaruku utotoni, wenye masharti ya ajabu. Unataja kitu kinachoanza na silabi aliyoishia mwenzako, ila neno halihesabiwi mpaka useme ulikiona wapi kitu hicho kwa macho yako. Wenzako wakikushuku, umetoka. Fundi wa maneno asiye na la kusimulia hafiki mbali.

"Tufanye shindano mtandaoni," alisema. "Akiuona mchezo wake hatajizuia."

"Na asipouona, dada?" Mhina akamuuliza.

"Basi tutakuwa tumecheza."

Mhina akaingia kazini. Alifungua ukumbi mtandaoni, akauita Ulikiona Wapi, akausambaza kila pembe. Watu wakamiminika, kutoka Kigoma hadi Mombasa. Walikuja walaghai waliochota maneno kwenye kamusi, akawatimua. Walikuja wagomvi, akawatuliza. Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyejiita Chumvi Kidogo. Akiulizwa neno, anakawia hadi wenzake wanachemka. "Mtoe huyo, anatupotezea muda!" walipiga kelele. Mhina akakataa katakata. Alisema mlango aliufungua kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hajui atakujaje, kwa hiyo hamfukuzi mtu kwa kosa la kusitasita.

Sikudhani yeye hakucheza. Alisoma. Visa vya kila mchezaji, vya sufuria, vya ndoo, vya viatu vya marehemu, alivisoma vyote, na macho yakimuwasha aliyapangusa kwa upindo wa kanga akaendelea. Mwanaidi alimwonea huruma, akamwambia apumzike. Hakupumzika. Ndipo mchezaji mmoja akataja kata ya kuchotea maji, na Chumvi Kidogo, baada ya kukawia sana, akajibu: "Taa. Niliiacha inawaka chumbani, ili aliyelala asijue nimeondoka."

Sikudhani akatupa simu mkekani. "Ni yeye," alisema. "Hiyo taa niliikuta mimi peke yangu. Sijamwambia mtu."

Mhina akamwandikia Chumvi Kidogo kwa siri kwamba mama anamwita, akampa namba ya simu ile. Jibu likaja: "Nitapiga jioni hii. Mama msimpe simu kwanza. Apokee mmoja wenu, aniambie kama kweli ananitaka. Nikisikia sauti ya mtu wa pili nakata, na hamtanipata tena."

Hapo ndipo udugu ulipoingia doa. Walitoka kwenda uani, kila mmoja akidai apokee yeye.

"Mchezo niliukumbuka mimi!" alisema Mwanaidi.

"Ungeuchezea wapi, dada, bila mimi? Nani alikataa kumfukuza Chumvi Kidogo?"

"Shemeji, mlikuwa naye humo siku zote hamkumjua," Sikudhani akasema. "Nimemjua mimi. Na ni mume wangu."

Sauti zikapanda. Maneno ya zamani yakafukuliwa, ya nani alimpenda na nani alimchongea. Jirani aliyekuwa akimnywesha mama uji akatokea mlangoni, bakuli bado mkononi.

"Punguzeni sauti," alisema. "Mama yenu hayupo tena."

Mwanaidi aliingia, wenzake nyuma yake, akamshika mama miguu, ikawa bado ina joto. Alimchukia kaka yake, akamchukia mama kwa kauli yake, kisha akajichukia mwenyewe kwa ile nusu saa aliyoipoteza uani. Hakulia. Machozi yalikataa.

Na pale mkekani simu ikaanza kuita.

"Pokea, Mhina," alinong'ona. "Wewe ndiye uliyemwandikia."

Mhina akarudi nyuma. "Shemeji apokee. Yeye ndiye aliyemtambua."

Sikudhani akajifunika uso kwa kanga. "Wifi, mama ni wenu. Mimi nitamwambiaje? Shindano ulilianzisha wewe."

Simu inaita. Mmoja alikumbuka, mmoja alifungua mlango, mmoja alitambua. Muda mfupi uliopita kila mmoja alisema ni haki yake. Asipopokea mtu, Mbaruku ataamini kwamba mama hakumtaka.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, semeni upesi kabla haijakatika: mngemkabidhi nani simu hiyo?