Kesi ya Jina na Landrova ya Zefania

Hapo zamani, na si ile zamani ya majini na mazimwi bali hii ya juzijuzi tu, alikuwapo Mpare mmoja jina lake Togolani, na mkewe Nietiwe, waliokaa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Kabla sijaendelea niwaambie jambo kuhusu sisi Wapare, maana mkilisikia kwa wengine litakuwa limetiwa chumvi. Wanasema Mpare huuza ng'ombe wawili ili aendeshe kesi ya ng'ombe mmoja. Huo ni uongo. Tunauza wawili pale tu wakili anapokuwa wa bei nafuu.

Mwaka wa kumi na mbili Nietiwe akashika mimba. Mkunga wa kijiji akampapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, siku ikifika msijaribu kuzalia huku mlimani, teremkeni mapema hospitali ya bondeni. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kwa umri wa Nietiwe, huyo huenda akawa wa kwanza na wa mwisho. Na pale kijijini ilikuwapo desturi: mtoto aliyefikishwa duniani kwa msaada wa mtu njiani hupewa jina la mtu huyo, jina moja, basi. Msilione jambo hilo dogo. Ukiwa na mtoto wa jina lako, hata ukifa hufi sawasawa. Watu watakuzika, watakula makande ya matanga, lakini kesho yake mama fulani atasimama mlangoni kwake aite jina lako, na mtu ataitika.

Siku ikafika, asubuhi ya Jumanne. Kwa bahati kaka yake Nietiwe, Ombeni, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na gari jipya la rangi ya fedha, lenye kioo kinachozungumza. Togolani akamwambia, "Shemeji, tufikishe salama, na mtoto ataitwa Ombeni." Ombeni akafurahi. Wakaondoka bila kelele, maana gari lile halikuwa na sauti zaidi ya paka.

Walipofika kona ya tatu, kioo kikaandika maneno mekundu na gari likazima. Sauti ya mwanamke ikamshauri Ombeni, kwa adabu sana, alipeleke gari kwa wakala aliye karibu. Wakala aliye karibu alikuwa Dar es Salaam. Ombeni akafungua boneti, akakuta chini yake kifuniko kingine cha plastiki, akaifunga tena taratibu. Togolani akasema basi tulisukume. Ombeni akasema gari hili haliwaki kwa kusukumwa, halikuumbwa hivyo. Nietiwe alishika mlango kwa mikono miwili.

Ndipo wakaisikia Landrova ya Mzee Zefania, robo saa kamili kabla ya kuiona.

Niwaeleze Landrova hiyo. Ilikuwa ya mwaka sitini na tisa. Mlango mmoja wa kijani, mmoja wa kijivu, wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Ukikaa mbele unaiona barabara kupitia sakafuni. Miaka ishirini watu wamemcheka Zefania, wamemwambia aiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, naye miaka ishirini akijibu kwamba gari linalojulikana na kila fundi wa mlima mzima halizeeki. Na hapo, jamani, ana hoja. Landrova zile zilitoka kiwandani miaka nenda rudi na sura yao ileile, mpaka mjukuu akaweza kuvaa suruali ya babu bila kuipunguza. Bolti ya huyu inaingia kwa yule. Ukikwama porini unakuwa umekwama katikati ya ndugu.

Togolani akasimama katikati ya barabara. "Mzee wangu, tufikishe salama, na mtoto ataitwa Zefania."

Mzee Zefania ana mabinti sita, wote wameolewa, na wajukuu kumi na tisa wenye majina ya upande wa waume. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akasema mpandisheni mbele. Landrova ikapanda ukingo wa barabara, ikalipita lile gari la fedha, na Ombeni akabaki akililinda.

Wakateremka. Kona ya nne salama, kona ya tano salama. Kona ya sita Landrova ikakohoa, ikatetemeka, ikasimama. Zefania akapiga stata mpaka betri ikanyamaza. Anajua kuendesha, lakini ndani ya boneti ni mgeni kama mimi nanyi. Hatua hamsini kutoka hapo palikuwa na gereji ya fundi Kajiru, na hapo ndipo ubaya ulipozidi. Kajiru na Zefania walikuwa na kesi ya kugombea jeki ya kuinulia gari. Jeki yenyewe ilishapotea kabla hukumu haijatoka, lakini kesi iliendelea mwaka wa nne sasa, na Kajiru alikuwa ameapa mbele ya baraza la wazee wa kijiji kwamba mkono wake hautaigusa Landrova ile mpaka afe.

Togolani akaenda kwake. "Fundi, tutengenezee, na mtoto ataitwa Kajiru."

Kajiru alikuwa mseja wa miaka arobaini na mbili. Wasichana watatu walikuwa wamemkataa kwa sababu ya harufu ya petroli. Aliangalia mikono yake, akachukua spana, akaja. Akanusa, akagusa, akasema kifuniko cha distributa kimepasuka, kile kinachogawa moto kwenye plagi, na mjini ni mbali. Kisha akasema kipo kingine karibu, ila ni heri wangekitafuta kwa simba.

Nyuma ya nyumba ya Bi Nakijwa ilisimama Landrova ya mwaka themanini na mbili ya marehemu mumewe, Mavura. Ilisimama hapo miaka tisa. Mavura aliizima mwenyewe jioni aliyougua, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha wala kuifungua, isipokuwa kuku waliotagia ndani. Kila Jumamosi Bi Nakijwa alikifuta kioo cha mbele. Hawakujaliwa mtoto. Alipoelezwa shida akasikitika sana, akamwombea Nietiwe, na akakataa. "Nikianza kuitoa kipande kimoja kimoja," alisema, "mume wangu ataondoka mara ya pili."

Togolani akasikia mkewe anaguna kule barabarani. "Mama, tupe kifuniko, na mtoto ataitwa Mavura."

Bi Nakijwa akaenda nyuma ya nyumba, akakifuta kioo cha mbele kwa ncha ya kanga. Kisha akaifungua boneti mwenyewe. Juu ya injini alikuwa ameatamia kuku, akamnyanyua, akayatia mayai yote kwenye kanga yake. Kuku akamdonoa Kajiru. Nadhani hata kuku yule ana madai yake, ila wakili hakumpata.

Kifuniko cha themanini na mbili kikaingia kwenye injini ya sitini na tisa bila hata kupigwa nyundo. Lakini betri ilikuwa imekufa. Kajiru akachukua hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono, akaizungusha. Hendeli ikarudi kwa nguvu, ikamvunja mkono. Ikabaki kusukuma. Mahali pale ni tambarare, na Landrova ile ni nzito. Togolani akasukuma, Kajiru akasukuma kwa mkono mmoja, Bi Nakijwa akaweka mayai chini akasukuma, gari halikusogea. Ilibidi Zefania naye ashuke, maana ndiye mwenye kifua. Iliposogea ndipo wakakumbuka kwamba ndani hakuna mtu wa kuachia klachi.

Ndani alikuwamo Nietiwe. Maishani mwake hakuwa amewahi kushika usukani.

Zefania akamwelekeza dirishani kwa maneno machache: kanyaga hapa, gia ya pili ni hii, nikisema sasa, achia. Nietiwe akasogea nyuma ya usukani na tumbo lake. Wakasukuma. Uchungu ukaja wakati uleule Zefania aliposema sasa, na Nietiwe akauachia mguu kwa namna ambayo klachi ile haijawahi kuachiwa. Landrova ikawaka. Ikaondoka pia. Watu wanne wakaifukuza, na mama mjamzito akaizungusha mbele ya duka, akaikosa meza ya nyanya kwa shubiri moja, mpaka Zefania akaning'inia mlangoni na kurukia ndani, akapunguza mwendo wenzake wakadandia.

Wakafika. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Muuguzi aliwaambia waziwazi kwamba wangechelewa robo saa zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mtoto akatoka wa kiume, mzima, na sauti kubwa. Togolani alilia mpaka akaombwa akalie nje.

Huko nje Zefania, Kajiru na Bi Nakijwa walikuwa wanamngoja, kila mmoja akitabasamu, kila mmoja akidhani wenzake wanatabasamu kwa ajili yake.

Ikawa kesi. Baraza likakaa Jumamosi saba mfululizo. Ombeni alizungumza kwanza, akasema ahadi ya kwanza ni mama wa ahadi zote. Baraza likamuuliza alimfikisha wapi, akajibu kona ya tatu. Wakacheka, madai yake yakatupwa, akakata rufaa.

Zefania akasimama. "Miaka ishirini mmenicheka. Ningeifanya chuma chakavu kama mlivyonishauri, leo mngekuwa mnajadili kaburi. Nilimchukua barabarani, nikamfikisha hospitalini. Mwenye kufikisha ni nani mwingine?"

Kajiru akainua mkono wake uliofungwa bandeji. Alisema amevunja kiapo na amevunjika mkono, na vyote viwili kwa ajili ya mtoto huyo. "Landrova bila fundi ni banda la kuku," akasema, "na kama mnabisha muulizeni Bi Nakijwa."

Bi Nakijwa hakukasirika. "Zefania ana damu yake, hata kama haina jina lake. Kajiru bado anaweza kuoa, akioga. Mavura wangu hana damu wala jina, ana kifuniko tu, na kifuniko nimekitoa. Niliahidiwa. Nikifa mimi, hakuna mdomo utakaolitaja jina lake."

Watu wakainamisha vichwa. Zefania akasema, kwa upole, kwamba marehemu hakuwapo siku ile. Kajiru akamuunga mkono, na huo ulikuwa mwafaka wao wa kwanza tangu jeki.

Ndipo Nietiwe akampa mtu mtoto, akasimama. "Wote hawa waliahidiwa na mume wangu, na hakuna aliyeniuliza mimi. Mimi sikuahidiwa kitu na mtu yeyote. Na gari lile mlilisukuma wanne, likawashwa na mmoja. Baba yangu aliitwa Anaeli, nilikuwa na miaka sita alipokufa. Nataka nimwite mwanangu Anaeli."

Ombeni akaifuta rufaa yake papo hapo, kwa kuwa Anaeli ni baba yake pia.

Wazee wa baraza wakakuna vichwa. Mmoja akasema apewe majina yote, na wenzake wakamzomea, kwa kuwa mtoto aitwaye na kila mtu hamwitikii yeyote. Mwingine akasema ahadi ni deni, na akamgeukia Togolani aeleze alikuwa na akili gani alipokopa mara nne kwa mtoto mmoja. Togolani akajibu kwamba alikuwa na akili ya mtu anayesikia mkewe akiguna. Hilo nalo halikuwa jibu la kipumbavu. Baraza likaahirishwa, na mtoto akafikisha miezi mitatu akiitwa Huyu. Togolani akawa anapita njia ya mtoni, akikwepa nyumba tatu, na usiku, katika ya nne iliyo yake mwenyewe, akilala amempa mkewe mgongo.

Jumapili moja mchungaji akachoka. Akasema leo mtoto anabatizwa. Kanisa likajaa. Zefania akakaa benchi la mbele na kofia magotini, Kajiru nyuma yake akinukia sabuni, Bi Nakijwa pembeni na kanga ya Jumapili. Togolani akasimama amembeba mtoto, Nietiwe kando yake. Mchungaji akachovya mkono majini, akauliza, "Mtoto huyu aitwe nani?"

Watatu wakasimama bila kuitwa. Nietiwe alikuwa amesimama tayari, akimtazama mumewe. Togolani akafungua mdomo.

Msinitazame mimi, mimi ni msimuliaji tu. Mkono wa mchungaji umelowa, maji yanadondoka sakafuni, na mtoto ameanza kulia. Yule aliyemchukua, yule aliyetengeneza, yule aliyetoa, au yule aliyeiwasha: je, nani alistahili?