Gayogayo Aliyesingiziwa Sumu

Sogeeni. Anayesinzia alale kabisa, maana mwishoni nitauliza na sitaki miayo.

Palikuwa na ndugu watatu waliovua kwa miguu, maji yakipwa. Faki alijaliwa nyayo: akipita mchangani alijua pale alipojifukia gayogayo, yule samaki bapa mwenye macho yote mawili upande mmoja. Makame alijaliwa mkono: mkuki wake haukurudi mtupu. Riziki, dada yao, alijaliwa jicho. Wapo wanaofanana na gayogayo ambao ukiwabinya mapezi hutoa maziwa machungu, nao hawaliwi. Riziki aliwatambua kwa kuwatazama tu, na kijiji kizima kilikula kwa neno lake.

Siku moja Faki akamkanyaga gayogayo mmoja, mpana kama sinia. Makame akamchoma. Riziki akamgeuza, akasema, "Huyu mzuri, tena mnono."

Mara akapita Bi Mgeni, mjane anayelea mjukuu. Na kwetu pwani, akikukuta mtu umevua akaomba kitoweo, hanyimwi.

"Wanangu, nikatieni kipande. Mtoto kachoka mihogo mitupu."

Hawakuwa na njaa ndugu hao. Walikuwa na uroho tu.

Faki akasema, "Huyu haliwi, bibi. Ana maziwa ya sumu."

Bi Mgeni akamtazama Riziki, maana neno la Faki peke yake lisingemtosha. Riziki akainama, akawa anajifunga upya kanga yake, kimya.

Bibi akasitasita bado. Ndipo akamwona Makame anajisugua mikono kwa mchanga, kama aliyeshika kitu kibaya. Akaamini, akaenda zake. Wao wakampika samaki kwa nazi. Mchuzi ulikuwa mtamu, lakini hakuna aliyeomba kuongezwa.

Siku zikapita. Bi Mgeni naye akamkanyaga gayogayo, mzuri kabisa, akamnasa kwa kanga. Mjukuu akarukaruka kwa furaha. Bibi akaona anafanana na yule aliyeambiwa ana sumu, akamrudisha majini, na mtoto akalia mpaka usingizi ukamchukua. Ikawa mihogo tena.

Asubuhi bibi akapiga hodi kwa wale ndugu, kuku kwapani. Alikuwa tetea wake wa pekee, yule wa mayai ya mtoto. Akawasimulia yote, machozi yanamlengalenga.

"Kama si nyinyi, ningemlisha mjukuu wangu sumu kwa mkono wangu. Ni nani hasa aliyeniokoa? Nimpe kuku wake."

"Si mimi, bibi," akasema Faki. "Mimi nilisema tu. Mjuzi wa samaki ni Riziki."

Riziki akadakia, "Mimi sikutamka neno."

"Na mimi nilinawa mikono tu," akasema Makame.

Bibi akacheka. "Watoto wenye adabu hawa. Kila mmoja anamsukumia mwenzake shukrani."

Hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Kumpokea kuku ni kumdhulumu bibi mara ya pili. Kumkataa, lazima waseme kwa nini.

Haya, mliokuwa mkicheka. Bila ulimi wa Faki, uongo usingezaliwa. Bila kimya cha Riziki, usingeaminika. Bila mikono ya Makame, bibi angeuliza tena. Sasa mmoja lazima afumbue kinywa, na upesi, maana bibi amesimama mlangoni na kuku amemnyoosha mbele. Ni yupi? Na usinijibu "wote". Hao watatu nao wanasubiri wote waseme, ndiyo maana hakuna anayesema. Wewe ungemtaja nani?