Mwanahiba Amalizia Kukiri

Palikuwa na tajiri mmoja, Semkiwa, mwenye ng'ombe arobaini na tamaa ya shamba la jirani yake, Mwanahiba. Mwanahiba alipokataa kumwachia, Semkiwa akamshitaki kwamba amemwibia ng'ombe. Kisha akamnong'oneza, "Wewe kiri tu, mama, nitakuombea msamaha urudi kwa wanao." Mwanahiba akakiri, akafungwa mwaka mzima, wala Semkiwa hakumwombea chochote.

Aliporudishwa mbele ya hakimu kesi yake isikilizwe upya, aliomba kuifuta kauli yake.

"Haiwezekani," hakimu akasema. "Ulikiri kwa kinywa chako, na mahakama imekuamini."

Semkiwa akatabasamu pale kwenye benchi.

"Kama naaminiwa, mheshimiwa, basi naomba nimalizie," Mwanahiba akasema kwa unyonge. "Siku ile niliona haya kusema yote. Ng'ombe niliyemwiba alikuwa akitokwa damu puani. Alinifia njiani, nami kwa hofu nikarudi kumzika palepale zizini kwa Bwana Semkiwa."

Hakimu akashtuka. "Hicho ni kimeta! Karani, mwite bwana mifugo. Ng'ombe wote wa zizi lile wauawe na kuchomwa leo hii!"

"Mwongo huyo!" Semkiwa akaruka. "Ng'ombe hajafa! Yuko kwa shemeji yangu Korogwe, mzima kabisa, juzi tu nimekunywa maziwa yake!"

Hakimu akavua miwani, akamgeukia Mwanahiba.

"Sasa wewe, mama, uliiba ng'ombe gani?"

"Hata mimi, mheshimiwa, tangu siku ile nataka kumuuliza Bwana Semkiwa swali hilohilo."