Wimbo Uliokwama Kwenye Kompyuta

Siku hiyo, katika ofisi ya kanisa, walikuwapo watu wanne: bibi mmoja mjane, mwalimu wa kwaya ambaye bado ni kijana, karani wa ofisi, na mtoto mchanga wa karani aliyelazwa juu ya khanga chini ya meza. Wa tano, wapendwa, alikuwa marehemu mume wa bibi. Yeye alikuwamo ndani ya kompyuta. Msicheke, nitawaeleza.

Marehemu alifundisha kwaya miaka mingi. Nyimbo zake alizitunga kwenye kompyuta kuukuu, kwa programu ya zamani ambayo kwenye kioo huonyesha namba tupu. Sauti nne za wimbo hujipanga pale tu zinapochapwa kwenye karatasi. Wimbo wake wa mwisho hakuwahi kuuchapa. Printa yake ilikufa, naye akaifuata.

Bibi alijua kipande kimoja tu cha wimbo ule: sauti ya pili. Mumewe alimfundisha jikoni, yeye akichambua mchele. Tangu msiba amekuwa akiimba kipande hicho peke yake nyumbani. Nanyi wanakwaya mnajua, sauti ya pili ikiimbwa peke yake husikikaje? Hupanda kidogo, hushuka kidogo, hungoja wenzake. Majirani walidhani bibi analalamika.

Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ibada ya kutimiza mwaka. Bibi alitaka ausikie wimbo mzima, basi. Kanisa lilikuwa limepata printa mpya, kwa hiyo akaipakia kompyuta kwenye toroli, akaifunika kwa khanga, akaja nayo.

Waya ukapatikana. Bibi akabonyeza kama alivyozoea kumwona mumewe akibonyeza. Printa ikaunguruma, ikatoa karatasi iliyojaa nyota, mabano na vijiti. Wakajaribu tena. Nyota tena.

"Bibi," mwalimu wa kwaya akasema, "hii mashine yako imezaliwa kabla yangu. Inasema maneno ya kale. Printa ya siku hizi itaielewa wapi?"

"Imezaliwa kabla yako, mwanangu, na ndiyo iliyokufundisha nyimbo za Krismasi."

Mwalimu akacheka. "Hapo umenipata. Lakini huu tuuache, Bibi. Jumapili tutakuimbia mwingine, mzuri kabisa."

"Mzuri sijaukataa," bibi akasema. "Ila huo mwingine hauna pa kuweka hiki kipande changu."

Mwalimu akatazama saa yake. Bibi akainama, akaanza kuokota zile karatasi za nyota. Hakuzitupa. Alizinyoosha juu ya paja moja moja, akazikunja kama mtu anavyokunja nguo za marehemu, akazitia kwenye mkoba wake.

Karani aliona. Hakuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa na kazi zake na mtoto wa kunyonyesha. Lakini alivuta kiti, akakaa karibu na bibi, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Bibi, ile printa ya babu ilikuwaje?"

Bibi akaeleza. Ilikuwa ya utepe wa wino, ikipiga kelele kama cherehani, na karatasi zake zilikuwa na matundu pembeni. Akaeleza hadi kitambaa ambacho babu alikuwa akiifunikia. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kubonyeza vitufe vya printa mpya. Akafungua mipangilio, akakosea, akarudi, akafungua tena. Ndani kabisa akakuta lugha ambazo printa ile inaweza kuzisoma. Ya mwisho, chini kabisa, ilikuwa ile ya printa za utepe. Akaichagua.

"Bonyeza tena, Bibi."

Karatasi ikatoka. Sauti nne, mstari chini ya mstari. Bibi akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

Sasa niambieni, wapendwa, nani alibadilika pale? Kompyuta kuukuu haikujifunza neno hata moja jipya. Na printa je? Printa ile iliijua lugha ya zamani tangu siku ilipotoka kwenye boksi. Ilikuwa nayo tumboni. Haikuwa imeulizwa.

Nasi tukisikia mfano huu tunamhurumia bibi. Tusimhurumie bibi. Sisi ndio printa. Nyumbani kwako yuko mama mkwe anayejisemea peke yake jikoni, na wewe unasema wazee hawaeleweki. Humwelewi? Lugha hiyo ya wazee ndiyo uliyolelewa nayo. Ndiyo uliyobembelezwa nayo ukalala. Unayo, iko chini kabisa, na kila siku anakuletea wimbo wake nawe unamrudishia nyota. Mungu hakungoja sisi tujue lugha ya mbinguni. Alishuka akasema ya kwetu. Wewe unaombwa kuvuta kiti tu, na kuuliza: ilikuwaje?

Jumapili ile wimbo uliimbwa. Bibi alisimama katika safu ya sauti ya pili, na karani alisimama kando yake, mtoto mgongoni.