Mshororo Uliopungua

Mtu mmoja alikuwa na mizani mbili. Ya kwanza ilining'inia dukani kwake, na kwayo alipima mchele. Ya pili ilikuwa kinywani, maana alikuwa malenga, na watunga mashairi huita mizani zile silabi zinazohesabiwa katika kila mshororo. Mtu huyo, Shaame, hakupata kutunga mshororo usiotimia kumi na sita. Lakini jiwe lake la kilo alikuwa amelitoboa chini, likapungua uzito, wala hakuna aliyejua.

Mjane mmoja, Mwanahija, alinunua mchele kwake miaka tisa. Kila mwezi mchele uliisha kabla ya siku yake, naye akadhani ni wanawe wanakua. Basi akawa anawapakulia wao, kisha anasema ameshiba. Mwisho akafa.

Siku ya arobaini, baada ya sala ya alasiri, nduguze walimwita Shaame awaliwaze wafiwa kwa shairi. Alikuwa amelitunga nyumbani na kulihesabu kwa vidole mara tatu. Akasimama ukumbini, akaanza:

"Mwanahija umetoka, nyumba imebaki tu..."

Tupu, alitaka kusema. Silabi ya mwisho haikutoka. Midomo ilikutana, ikaachana, sauti haikuwapo. Badala yake, katika kile kimya, kilisikika kitu kidogo kikidondoka, kama punje ya mchele juu ya sahani ya bati. Watu wakatazama chini. Mkekani hapakuwa na kitu. Akarudia, ikawa vilevile. Ubeti wa pili, punje nyingine. Jasho likamshuka mgongoni, kwa kuwa yeye aliijua sauti ile.

Siwema, binti mkubwa wa marehemu, hakujua lolote. Alisema tu kwa upole, "Baba Shaame, mshororo umepunjwa."

Shaame akaenda dukani, akarudi na lile jiwe, akaligeuza mbele yao wakaona tundu. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimwuma zaidi. Tangu hapo alipima sawasawa, na hadi uzeeni alipeleka mchele kwa yatima wale. Mashairi yake mengine yalimtii kama zamani. Lile la Mwanahija halikutimia kamwe. Kila alipolijaribu punje ilidondoka, mpaka akaliacha.

Enyi mnaonisikiliza, mtu akimpunja mwenziwe aliye hai, atamtimizia nini akishakufa?