Ndoo ya Oktoba

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Aonaye haya kufunua shida yake mbele ya mwenye kumsaidia, hubaki nayo. Mzee Ambindwile wa Lufingo aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila aliijua kama mtu anavyomjua jirani asiyesalimiana naye.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Mwezi Aprili ilifika fomu ya kuomba fedha za serikali za kujengea tanki. Aprili ya Rungwe mvua hunyesha mpaka vyura huazima miavuli, na chemchemi ilikuwa ikibubujika kama chungu cha maharage. Fomu iliuliza: mwezi Oktoba, ndoo ya lita ishirini hujaa kwa muda gani?

"Andika dakika arobaini, baba," alisema Ikupa, katibu wake. "Oktoba iliyopita niliikinga mwenyewe. Nilisuka nusu ya mkeka, ndoo haijajaa."

"Arobaini! Unataka jirani zetu wa Mpuguso waseme sisi tunakunywa machozi? Nani atampa tanki mtu asiye na maji ya kutia?"

"Na mama je, anayeshuka korongoni na nyonga ile mbovu?"

Mzee alimkumbuka Dainess, mkewe, akakohoa. Kisha akaandika: dakika moja.

Agosti majibu yalisomwa mkutanoni. Mwongozo ulikuwa mkali kama wembe: fedha zile ni za vijiji ambavyo chemchemi zake hupungua kiangazi, ili maji yanayodondoka usiku kucha yahifadhiwe yatumike mchana. Kijiji chao kilionekana kina maji ya kutosha. Tanki likaenda kwa wenzao wa Mpuguso, walioandika dakika thelathini bila kupepesa macho.

Oktoba chemchemi ikanywea. Dainess akashuka mtoni kule korongoni, akateleza, nyonga ikavunjika. Mzee akadandia bodaboda hadi Tukuyu kwa mhandisi wa maji wa wilaya, kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kwenye ile fomu nilidanganya. Ni dakika arobaini."

Mhandisi alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Mngeandika hivyo Aprili, mngeongoza orodha. Fedha za mwaka huu zimeshapangwa, baba, na sheria hainiruhusu kuzihamisha. Leteni fomu nyingine mwakani."

"Mwakani mama yenu..." Akainuka, akatoka.

Jioni ile alishuka korongoni na ndoo. Wanawake walimpisha mbele ya foleni. Heri wangemcheka.

"Nikutwike, baba?" aliuliza Ikupa.

Mzee aliinama. Alipanda mlima maji yakimchuruzika shingoni, akaingia ndani, akachovya kitambaa, akaanza kumwosha mkewe ambaye hangetembea tena. Dainess hakumlaumu, aligeuzia uso ukutani tu.

Hakika, mficha uchi hazai.