Mashine ya Nakijwa na Jina Moja

Hapo zamani, enzi za televisheni za chogo, mama mmoja wa Same aitwaye Nakijwa alikuwa na mashine ya gemu aliyoipenda kupita kiasi. Mashine ikazeeka. Kiwanda kikaacha kuitengenezea gemu mpya.

Mdogo wake, Elinami, alikuwa mwandishi wa programu. Akamwambia, "Dada, hii bado ina akili. Tuitilie mfumo mpya, iwe kompyuta kamili."

Sasa, kila mfumo una kiini chake, ndicho kinachoamrisha mashine nzima. Kiini alichokitaka Elinami kilikuwa cha bure, kikitunzwa na watu wa nchi nyingi. Lakini mashine ile hakikuijua. Kilikuwa kama mgeni kwenye nyumba yenye giza: mlango hajui, jiko hajui. Sharti kifundishwe.

"Ila tukianza," Elinami akasema, "gemu ulizohifadhi zitafutika."

Nakijwa alikuwa amebakiza hatua ya mwisho ya gemu aliyoihangaikia miaka. Akaikumbatia mashine yake, akaondoka nayo bila kuaga. Kesho yake akairudisha. "Chukua, kabla sijaghairi."

Elinami akaandika, akawasha: kioo cheusi. Akafuta, akaandika, akawasha: kioo cheusi. Akaandika mpaka macho yakamwiva: kioo cheusi!

Wakamwita Mbonea, fundi redio. Mbonea akaifungua mashine, akachomelea nyaya nyembamba ndani yake, akaziunga kwenye kompyuta ili wasome inachosema inapowaka. Mkono ukamteleza. Moshi, puu! Sehemu ya sauti ikaungua.

"Umeiua!" Nakijwa akapiga kelele.

"Haijafa, dada. Imekuwa bubu tu. Nisamehe."

Wakawasha. Kweli, mashine ikaeleza kwa maandishi: inatafuta kumbukumbu mahali ambapo hakuna kitu. Elinami akajipiga paji la uso. "Kumbe nimeielekeza siko!" Akarekebisha, akawasha. Herufi nyeupe zikamiminika kiooni. Nakijwa akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa.

Watunzaji wa kiini walipoletewa kazi ile, wakaipokea kwa furaha. "Hongereni! Ila kila mashine ina msimamizi mmoja, na jina lake hukaa ndani ya kiini. Tuandike nani?"

"Mimi," Elinami akasema. "Kila mstari nimeuandika mwenyewe."

"Mistari gani?" Mbonea akadakia. "Bila nyaya zangu ungekuwa bado unakodolea giza."

"Na sauti je?" Elinami akamrudishia.

"Sauti ni bahati mbaya!"

Nakijwa akaweka kikombe cha chai chini. "Nyinyi mmetoa kazi, na kazi mtapata nyingine. Mimi nimetoa kisichorudi. Ningekataa, mngeandika nini, mngechomelea nini?"

Wakacheka, wakaongezeana chai, wakabishana upya. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Haya, nanyi mnaocheka hapo, semeni. Watunzaji wanasubiri, na nafasi ni ya jina moja tu. Je, mngeandika la nani?